Twiga wa Dabous na Daftari la Shangazi: Ni Urithi au ni Amana?

Kuna swali moja ambalo limenikaa moyoni miaka mingi, nami nimelikwepa kwa kadiri nilivyoweza. Swali lenyewe ni hili: kazi ambayo mwenyewe hakuifanya ili sisi tuione, nasi tukaja tukaiona, tuna haki gani juu yake? Sikulipata katika vitabu vya falsafa, kwani mimi si msomi wa chuo kikuu. Chuo nilichokipitia ni kile cha Kurani cha mtaani kwetu, na lugha nyingine nilizonazo nilijifunza mwenyewe kwa kamusi na mwanga wa taa ya chemli. Swali hili lilinijia kutoka pande mbili zisizojuana kabisa: jabali lililo jangwani nchini Niger, na daftari lililokuwa ndani ya kasha la shangazi yangu hapa Mji Mkongwe. Nitaanza na jabali, maana ndilo kubwa kwa umri, na desturi yetu ni kumtanguliza mkubwa.

Mahali penyewe panaitwa Dabous. Pako kaskazini mwa mji wa Agadez, pembezoni mwa milima ya Aïr, palipo na majabali ya mawe ya mchanga yaliyoinuka juu ya nchi kavu. Juu ya jabali mojawapo wamechongwa twiga wawili, mmoja mkubwa na mwenziwe mdogo wake, kwa kimo kinachokaribiana na kimo cha twiga aliye hai. Yule mkubwa ana urefu wa zaidi ya mita 5. Wataalamu hukadiria kwamba walichongwa kati ya miaka 6,000 na 8,000 iliyopita, na wako wanaorudi nyuma zaidi ya hapo. Sijafika Dabous, wala sitarajii kufika. Niliwaona twiga hao katika kitabu kikubwa cha picha, kazi ya David Coulson na Alec Campbell iliyotoka mwaka 2001, nyumbani kwa rafiki yangu mmoja. Nilikwenda kwake kuazima kamusi, nikarudi bila kamusi.

Msomaji asiyeijua Sahara ya zamani atauliza: twiga na jangwa wapi na wapi? Kwa kiasi cha miaka 11,000 hadi 5,000 iliyopita, Sahara haikuwa hii tuijuayo. Mvua za msimu zilifika mbali kaskazini, pakawa na maziwa na mbuga na malisho. Watu walivua samaki na kuwinda, na baadaye wakafuga ng'ombe, mahali ambapo leo msafiri huenda mwendo mrefu asikute hata mti wa kumpa kivuli. Kisha mvua zikarudi nyuma, na twiga wakarudi nyuma pamoja nazo. Mtu aliyechonga pale Dabous hakuwa akiota. Alichonga jirani yake.

Tena alichonga kwa subira ambayo sisi tuandikao haraka tungepaswa kuionea haya. Hakuwa na chuma. Alikuwa na jiwe gumu la kulichongea jiwe laini. Alikwangua, akasugua, akachimba mstari wa nje ukaingia ndani, kisha akaulainisha. Mabaka ya ngozi ya twiga hakuyatia kwa kukisia, bali aliyachonga moja baada ya jingine, mwili mzima. Kichwa kimepewa umbo lake na miguu imepewa viungo vyake. Na kutoka puani mwa kila twiga umetoka mstari mmoja mwembamba, umeshuka, na mwisho wake yupo mtu mdogo sana. Wako wasemao kuwa mstari huo ni kamba na kwamba twiga alikuwa amefungwa. Wako wasemao kuwa si kamba ya mkononi bali ni kiungo cha roho kati ya mtu na mnyama, na wako wanaouhusisha na maombi ya mvua. Mimi sichagui. Ninachokiona ni kwamba aliyechonga alimfanya mnyama kuwa mkubwa na mtu kuwa mdogo, na jambo hilo peke yake lina adabu ndani yake.

Lakini lililonikalisha kitako si ukubwa wala mabaka. Ni mahali walipowekwa. Twiga wale wamechongwa juu ya mgongo wa jabali ulioinama kidogo, na mtu aliyesimama chini hawaoni. Msafiri anaweza kupita hatua chache tu kutoka hapo, yeye na ngamia wake, asijue kuna nini juu ya kichwa chake. Sharti apande.

Sisi wa Mji Mkongwe tumelelewa na nakshi za namna nyingine. Mlango wa nakshi hutazama njia. Mwenye nyumba alimlipa fundi ili mpita njia asimame, aangalie maua na minyororo iliyochongwa kwenye miimo, na ajue kwamba humu ndani mna mtu. Sisemi hili kwa dharau, kwani kazi ya mlango ni kukabili watu, na mashairi mengi ninayoyapenda ni ya namna ya mlango. Lakini kule Dabous pana nakshi iliyogeuzia njia kisogo. Mtu alitumia siku zake, labda miezi, kwa kazi bora kupita zote za karibu yake, kisha akaiweka pasipopita macho. Alimkusudia nani? Huenda ni wachache waliokuwa wakipanda jabali kwa ibada fulani. Huenda ni kitu kilicho juu zaidi, kitazamacho kutoka mbinguni. Huenda hakumkusudia mtu kabisa, na kuchonga kulikuwa ndiyo kazi yote. Lipi katika hayo ni kweli hatutaambiwa. Ila jibu moja tunalo kwa yakini: hakutukusudia sisi.

Hata hivyo tumewaona. Mwaka 1987 mtafiti Christian Dupuy aliweka kumbukumbu ya kwanza ya twiga hao. Mwaka 1997 alifika David Coulson, mpiga picha aishiye Kenya, mwasisi wa Shirika la Hifadhi ya Sanaa ya Miambani ya Afrika lenye makao yake Nairobi, na picha zake ndizo zilizowafikisha duniani. Hapo dunia ikaanza kupanda jabali. Katika eneo hilo zimehesabiwa nakshi zaidi ya 800, ndogo kwa kubwa, na zote zimo hatarini kwa mguu wa binadamu. Watu walitembea juu ya mistari kwa viatu. Wengine waliandika majina yao. Wengine walibandua vipande wakaenda navyo. Kile ambacho upepo na mchanga havikukimaliza kwa maelfu ya miaka, wapenzi wa sanaa walikaribia kukimaliza kwa miaka michache.

Ikabidi hatua zichukuliwe. Mwaka 1999 nakshi zile zilipigwa kalibu kwa uangalifu, ikatolewa nakala ya alumini, na nakala moja ikawekwa katika uwanja wa ndege wa Agadez ili mgeni atosheke nayo. Kilichimbwa kisima karibu na jabali, ili jamaa ya Watuareg iweze kuishi pale, inywe, inyweshe mifugo yake na iwe mlinzi. Nakiri kuwa katika habari yote ya Dabous hakuna kilichonigusa kama kisima hicho. Uzio ungemzuia mwizi tu. Kisima kilimpa maji mtu aliye hai, naye akakaa ilipo kazi ya waliokufa.

Sasa tulirudie swali. Vitu vya namna hii tumezoea kuviita urithi. Tunasema urithi wa taifa, urithi wa dunia, urithi wa wanadamu. Mwaka 2006 michoro ya miambani ya Kondoa, upande wa bara ya Tanzania, iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na nilifurahi kama Mtanzania yeyote. Lakini mimi kazi yangu ni maneno, na neno hili linanikwaruza. Urithi una sheria zake, na watu wa pwani wanazijua vizuri, maana nyumba ngapi zimegawanyika kwa ajili yake! Mrithi humiliki. Akishapata fungu lake anaweza kuliuza, kulibadilisha, kulivunja na kujenga jingine. Hana wa kumuuliza, kwa kuwa aliyekuwa na haki ameondoka, na haki yake imehamia kwake. Tukisema twiga wa Dabous ni urithi wetu, tumeshasema bila kujua kwamba aliyewachonga hana tena neno.

Lugha yetu ina neno jingine, nalo ni amana. Mwenye kuwekewa amana hana milki. Kitu kiko mikononi mwake, lakini si chake. Haruhusiwi kukitumia bila idhini, wala kujipambia, wala kukikopesha kwa rafiki. Wajibu wake ni kukitunza kama anavyotunza mali yake mwenyewe. Kikipotea bila uzembe wake, hana lawama. Kikipotea kwa uzembe, analipa. Na siku mwenyewe akikitaka, anakirudisha kama alivyokipokea. Tazama jinsi mizani ilivyo: haki ni ndogo, wajibu ni mkubwa. Katika urithi ni kinyume chake.

Mtu wa sheria ataniuliza: amana ya nani, ikiwa mwenyewe amekufa kabla ya Piramidi kujengwa, na kabila lake halijulikani? Amana ya maiti hurejea kwa warithi wake, na warithi wakikosekana, mali huwa ya umma. Mwingine atasema iite wakfu, mambo yaishe. Lakini wakfu una mtu aliyetamka. Alisema kisima hiki ni cha wasafiri, au nyumba hii ni ya mayatima. Mchongaji wa Dabous hakutamka. Nami nadhani kutotamka kwake ndiko kunakotubana. Mtu anapoacha kitu mikononi mwetu bila kusema tukifanye nini, na sisi tuna njia mbili za kuelewa, moja inayotupa haki kubwa na nyingine inayotupa haki ndogo, uungwana ni kuchukua ile ndogo. Tukikosea kwa kujinyima, kosa hilo lina dawa, kwa sababu lililositiriwa laweza kufunuliwa kesho. Tukikosea kwa kujipa, hakuna dawa, kwa sababu lililofunuliwa halisitiriki tena.

Hapa ndipo ninapolazimika kuliacha jabali na kuingia ndani ya nyumba.

Shangazi yangu alikuwa mwanamke wa zamani. Alisoma Kurani, alijua kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na katika nyumba aliyoishi kwa zaidi ya miaka 40 alitunga mashairi ambayo hakumwonyesha mtu. Mimi niliyajua kwa bahati. Nilipokuwa kijana macho yake yalianza kufifia, akawa ananiita alasiri nimsomee alichokiandika mwenyewe zamani, ili asahihishe. Ndivyo nilivyojifunza ushairi. Aliponisikia nikimeza mizani alikuwa akigonga sakafu kwa kidole. Katika daftari lile mlikuwa na shairi moja refu alilomtungia mtoto wake aliyekufa akiwa bado ananyonya. Nilisomea shairi hilo mara mbili tatu, likanikaa kichwani lote.

Mwaka 1996 palikuwa na usiku wa mashairi hapa mjini. Nilialikwa, nami nikataka kung'ara. Nilisimama nikalighani shairi lile la shangazi tangu mwanzo hadi mwisho. Watu walilia. Nikaulizwa ni la nani, nami, kwa fahari na nikidhani ninamtukuza, nikamtaja jina. Sikujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekuja, amekaa upande wa wanawake na jirani zake.

Asubuhi yake nilikwenda kumwamkia. Alikuwa amekaa na ungo, anachagua mchele. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Kisha akasema, "Mwanangu, jana umenivua buibui mbele ya watu." Hakusema zaidi. Baada ya kimya kidogo akaniuliza kama nimekwishakunywa chai, nami nikasema bado, akanimiminia. Lakini tangu siku ile hakuniita tena kumsomea. Niliendelea kwenda, tukazungumza mengi, na daftari halikutoka kasha.

Nimeishi na maneno yale muda mrefu kuliko na shairi lolote. Mwanzoni nilijitetea. Nilijiambia kwamba mashairi ni ya watu, kwamba wanawake wangapi wa mwambao huu wametunga na majina yao yamefichwa, na kwamba aliyefanya haki ni mimi niliyemtaja. Hoja hizo zote zina ukweli. Ila nilikuwa nimekwepa jambo moja dogo: angeweza kuulizwa. Alikuwa hai, amekaa hatua kumi kutoka kwangu, na mimi sikumuuliza. Mchongaji wa Dabous hakuna awezaye kumuuliza, na kwa hiyo tunaweza kujificha nyuma ya umbali wake. Mimi sikuwa na umbali wa kujifichia. Nilifanya kama walivyofanya waliopanda jabali kwa viatu. Nao pia, nadhani, wengi wao walipanda kwa mapenzi.

Shangazi alifariki mwaka 2009. Baada ya arubaini, bintiye, ambaye kwangu ni dada, alikuja na kifurushi kilichofungwa kwa kanga. Ndani mlikuwa na daftari. Akaniambia, "Mama alisema upewe wewe. Hakusema ulifanye nini."

Basi nikawa na jabali langu mwenyewe. Niliweza kusema ni hiba, maana alinipa, na aliyepewa hiba humiliki. Niliweza kusema kwamba kunipa mimi, niliyekwisha kumvua buibui, kulikuwa ni idhini yake iliyochelewa. Mara nyingi usiku nimejaribu kuyasema hayo. Lakini huenda alinipa kwa sababu nyingine nyepesi zaidi: kwamba katika nyumba yote hakuna aliyeweza kusoma hati yake isipokuwa mimi. Njia mbili za kuelewa, moja ya haki kubwa na moja ya haki ndogo. Nilichukua ndogo. Nikaliweka.

Na hapa sharti nijihukumu tena, kwa upande wa pili, kwa kuwa kuweka nako kuna hatari zake. Nililiweka daftari katika sanduku la mbao, nikaona nimetimiza amana. Baada ya masika mawili nililifungua nikakuta mchwa wamekula pembe ya kurasa za mwisho. Beti kadhaa zimekwenda. Hakuna mwingine aliyezijua, na mimi sikuwa nimezihifadhi. Wala usifikiri jambo hili ni langu peke yangu. Katika visiwa hivi na mwambao mzima makasha mengi yamefunguliwa baada ya mazishi, makaratasi yakaonekana ni uchafu, yakachomwa au yakatupwa. Waliofanya hivyo hawakumvua mtu buibui. Walimzika mara mbili. Na huko Dabous, kama wale twiga wasingetangazwa, kisima kisingechimbwa, na hata mbuzi na magari yangetosha kuwamaliza kimyakimya. Kwa hiyo asije mtu akanifahamu kwamba nasifu ukimya. Mwenye amana anayelala hana tofauti na mwizi, ila mwizi angalau alijua thamani ya alichokichukua.

Nini basi kinachotenganisha kufunua kwa halali na kufunua kwa haramu? Nimelifikiri jambo hili nikiwa kazini, kwani mimi ni mfasiri, na mfasiri kila siku huchukua kilichoandikwa kwa macho mengine akakipeleka kwa macho yasiyokusudiwa. Naona tofauti iko katika swali: kinafunuliwa kwa faida ya nani? Kalibu ya Dabous ilipigwa ili jabali lenyewe lipumzike, na nakala ikabeba macho ya wageni badala yake. Picha ilisababisha kisima. Lakini aliyebandua kipande akaenda nacho kwake, alijifaidi mwenyewe. Mimi nilipoghani mwaka 1996, shairi halikupata kitu na shangazi hakupata kitu. Nilipata mimi makofi.

Liko jambo la pili. Katika karne za baadaye wapita njia waliandika juu ya majabali ya nchi ile kwa hati ya Tifinagh, hati ya Watuareg, na maandishi yao leo nayo yanalindwa. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa jina la msafiri wa kale ni hazina, kwa nini jina la dereva wa leo ni uharibifu? Je, ni kwamba kosa likikaa sana hugeuka tunu? Sidhani. Kuna kuandika kando ya kazi ya mwingine na kuna kuandika juu yake. Anayeandika kando amekiri kwamba yuko mwenyeji aliyemtangulia. Anayeandika juu amesema kwamba mwenyeji hayupo. Tafsiri njema huandikwa kando. Hata makala hii nataka iwe kando.

Huko huko Kondoa liko jambo linalofundisha. Pale Mungomi wa Kolo, penye michoro mashuhuri, wenyeji waliendelea kufanya matambiko yao ya mvua na ya uganga, hata baada ya mahali hapo kuandikwa katika orodha ya dunia. Watunzaji wana wasiwasi, na wasiwasi wao una sababu, kwani rangi ni dhaifu na hairudi. Lakini kwa wenyeji wale michoro si mali ya marehemu iliyokwisha kugawanywa. Ni mahali panapoendeleza shughuli. Mwenye amana mwenye akili hatamfukuza mtu wa namna hiyo. Atakaa naye wazungumze, kwa sababu huenda katika wote waliopo yeye ndiye aliye karibu zaidi na kuweza kuulizwa.

Hilo ndilo lililonifungua macho kuhusu daftari. Miaka yote nilikuwa nikilipima jambo hili baina yangu na marehemu, kana kwamba duniani tumebaki wawili, nami nimemsahau aliyelileta kwa mkono wake. Dada yangu hawezi kusoma hati za Kiarabu kwa Kiswahili. Kwake daftari la mama yake lilikuwa kama jabali linavyoonekana na mtu aliye chini. Mwaka jana nilimaliza kulinakili lote kwa hati za Kirumi, na palipoliwa na mchwa nikaacha nafasi tupu, sikujaza hata silabi moja. Kisha nikaenda kwake, alasiri kwa alasiri, nikamsomea. Hakuna mwingine aliyekuwapo. Alipenda mashairi ya bahari na yale ya masihara ambayo mama yake aliwatungia mashoga zake. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Siku ya shairi la mtoto nilimwambia kabla sijaanza ni la nini. Mtoto yule alikuwa kaka yake, ambaye hakumwahi. Alisikiliza akiwa ameshika ncha ya mtandio. Nilipomaliza akasema, "Hili liache lilipo. Mengine nitakwambia."

Hajaniambia bado, nami simharakishi. Nakala moja iko kwake, nyingine iko kwangu, na daftari lenyewe sasa limefungwa mahali pasipofika mchwa wala unyevu. Mhariri wa jarida hili, ambaye kwa wema wake alisikia habari za daftari, aliniomba nimpelekee mashairi machache ya shangazi ili wasomaji wayaonje. Nimempelekea makala hii badala yake, na namwomba radhi yeye pamoja nawe msomaji. Najua mpenda mashairi angetaka walau ubeti mmoja. Mimi pia ningetaka kuutoa. Ni mashairi mazuri, na hilo naruhusiwa kulisema.

Niger ile ile ina habari nyingine ya twiga, nayo ni ya walio hai. Twiga wa Afrika Magharibi walikuwa wamebaki 49 tu mwaka 1996, wote katika eneo la Kouré, si mbali na mji mkuu Niamey, wakiishi katikati ya mashamba ya watu. Baada ya miaka 20 na kidogo walikuwa wamepita 600. Hapana uzio uliowazunguka. Walipona kwa kuwa mauaji yalikatazwa, na kwa kuwa wanavijiji waliovumilia kuliwa kunde zao walisaidiwa kupata riziki. Mwaka ule wa 1996, twiga walipokuwa 49, ndio mwaka nilioghani. Sidai kwamba mambo haya yana uhusiano, ila kila nikiukumbuka mwaka huo huyakumbuka yote mawili.

Alasiri ya Ijumaa nitakwenda tena kwa dada. Ameniambia anataka kusomewa lile la bahari mara ya pili, na safari hii mwanawe wa kike, aliye darasa la saba, awepo asikilize. Ameniuliza pia kama hati ile ya bibi yake ni ngumu kufundishwa. Nimemjibu kwamba si ngumu, ikiwa mtoto ana subira. Nitakwenda na ubao na chokaa.